Galgalo Apima Prosesa

Kaka yangu Galgalo hanunui kitu bila kukizunguka. Amekuwa dalali wa mifugo hapa Isiolo miaka thelathini na saba, na miguu yake imezoea hivyo. Kitanda changu alikizunguka. Tangi la maji alilizunguka. Mume wangu, siku alipokuja kunichumbia, alizungukwa mara mbili kabla salamu yake haijaitikiwa.

Kwa hivyo binti yangu Sabdio alipohitaji laptopu, nilijua nikimwita mjomba wake tutachekwa. Nilimwita tu. Sabdio alikuwa amepata kazi ya kuchora ramani za visima na malisho huko Kulamawe, miezi mitatu ya majaribio. Kila Ijumaa ramani moja iwe imefika ofisini. Akichelewa mara mbili, kazi anapewa mwingine. Angekaa kwa shangazi yake, mwenye sola ndogo ya taa na simu; laptopu ingepelekwa dukani kuchajiwa mara moja kwa siku.

Ridwan, anayeuza laptopu zilizotumika ng'ambo, alituwekea mbili mezani. Kwa macho zilikuwa pacha, nyeusi zote, bei moja.

"Tofauti ni prosesa," alisema. "Hiyo ndiyo inayofanya hesabu zote huko ndani. Ya kushoto ina prosesa kubwa, ya kazi nzito. Ya kulia ni ya kawaida, lakini ni toleo jipya."

Galgalo alikuwa ameshaanza kuizunguka meza.

"Abuya, tafadhali," Sabdio alinong'ona. Kwetu Waborana mjomba ni abuya. "Hizi hazina meno ya kuangalia."

"Utajuaje kama hujaangalia? Ridwan, hii imekuwa na wenyewe wangapi?"

"Mmoja tu, mzee. Ilikuwa ya ofisi."

"Kila muuzaji husema mmoja."

Sabdio alikuwa na ramani yake ya mazoezi kwenye flashi. Akaifungua kwenye laptopu ya kushoto, akabonyeza, na Ridwan akahesabu kwa simu. Dakika nne, ramani imekamilika. Ya kulia ilichukua dakika sita na nusu. Mimi niliweka kiganja chini ya ile ya kushoto, vile ninavyompima mtoto homa. Ilikuwa moto hasa, na feni yake ilipumua kama mtu aliyebebeshwa gunia.

"Inaumwa?" nikauliza.

"Inafanya kazi, Mama Sabdio," Ridwan akasema, akijizuia kucheka.

"Basi ni hii ya kushoto," Sabdio akasema, mkono tayari juu yake.

"Ngoja." Galgalo alikuwa amechuchumaa, akiufuata waya wa chaja kwa kidole mpaka ukutani. "Hizi zimekuwa zikinyonya muda wote mkizipima?"

"Ni stima tu, mzee."

Galgalo akainuka, akamtazama Ridwan kwa lile jicho la sokoni. Huko wapo wauzaji wanaomlisha ng'ombe chumvi alfajiri, kisha wanamwacha anywe mpaka tumbo lijae, ili wanunuzi wakifika waone amenona. Dawa ya Galgalo ni moja: mnyama afungwe kamba mpaka mchana, mbali na maji, ndipo aangaliwe.

"Mimi sipimi mnyama mdomo ukiwa majini," alisema. "Toa waya."

"Abuya, laptopu si ng'ombe."

"Na huko Kulamawe utauchomeka wapi? Kwenye sikio la shangazi yako?"

Nilicheka peke yangu. Sabdio hakucheka. Alizichomoa chaja zote mbili mwenyewe.

Safari hii ile ya kushoto ilichukua dakika tisa, na betri ikashuka kutoka mia hadi themanini na sita. Ya kulia haikufika dakika saba, na betri ilibaki tisini na tano.

Ridwan alijikuna ndevu. "Ni kweli. Ile prosesa kubwa inataka stima nyingi kuliko betri inavyoweza kuipa, kwa hivyo inajipunguza yenyewe. Hapa dukani zinashinda kwenye ukuta, sijawahi kuzipima hivi."

"Kumbe hukuwa unatudanganya," Galgalo akasema, na nadhani alisikitika kidogo.

Tuliondoka na ya kulia. Kabla ya Alasiri soko zima la mifugo lilijua kwamba Galgalo sasa ni mtaalamu wa kompyuta.

Alhamisi ya juma la kwanza Sabdio alikamilisha ramani, akanitumia kwenye simu kwanza tuione kabla haijaenda ofisini. Nilimwonyesha Galgalo. Aliivuta kwa vidole viwili, akaisogeza huku na huku, akakunja uso.

"Kisima cha baba yetu hakipo."

Nikampigia Sabdio, nikaweka sauti kubwa.

"Abuya, kile si kilifukiwa na mchanga kabla sijazaliwa?"

"Kimefukiwa, hakijahama. Mtu akijua mahali, anachimba."

Tulimsikia Sabdio akifungua laptopu. "Haya. Ijumaa bado haijafika, na betri ninayo. Kilikuwa upande gani?"

Galgalo akaisogelea simu, akanyoosha mkono mzima kumwonyesha mtoto upande wenyewe, kana kwamba anamwona.