Jina la Chumvi

Harufu ya kiberiti kilichoungua ndiyo iliyotupokea kila tulipoingia maabara ya shule yetu kule Mkuyuni, ikichanganyika na ya karafuu zilizoanikwa nyumba za jirani. Muhula ule wa kidato cha pili, ukungu ukiwa umeifunika milima, Mwalimu Mbilinyi alitufundisha majina. Klorini, alisema, iliitwa hivyo kwa rangi yake ya kijani kilichopauka; heliamu ilipewa jina la jua kwa kuwa huko ndiko ilikogunduliwa kwanza. Mimi nilimeza yote. Kisha akatangaza kwamba atakayeeleza vizuri kwa nini chumvi ya jikoni inaitwa sodiamu kloraidi, atakwenda naye Mzumbe kwenye maonyesho ya sayansi. Jamani, niliitaka safari ile! Chuo kikuu nilikuwa nakisikia tu.

Nikawahi kunyoosha kidole. Sodiamu ni metali, nikasema, kwa hiyo inatangulia na jina lake zima. Klorini inafuata, mwisho wake umegeuzwa. "Sawasawa," akasema mwalimu. "Nani anaongeza?" Akasimama Mwanaidi, mtoto wa mama yangu mdogo, aliyekuwa akiishi kwetu. "Mwalimu, sisi Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, lakini jina anapewa la upande wa baba. Ukishajua ukoo wake na jina lake, umejua kwao kote. Na chumvi ni hivyohivyo, jina lake linakutajia wazazi wote wawili." Darasa zima likapiga makofi, na safari ikawa yake. Ah, roho iliniuma! Habari hizo za ukoo alitusimulia mama yangu, sote wawili, jikoni kwetu tukichambua mchele. Mama yangu mimi! Na jioni, mama huyohuyo akamchinjia Mwanaidi kuku. Nikasema nimeshiba, na njaa ilikuwa inaniuma.

Siku hizi Mwanaidi anafundisha kemia chuoni, mimi nauza viungo hapa Morogoro mjini. Wivu umepungua, ila haujaisha, nisiwadanganye. Watoto wa sasa hawahangaiki kama sisi, majina yote yamo kwenye simu. Hata hivyo binti yangu akikwama humpigia Mwanaidi. Juzi alimpigia akiwa ameketi ubavuni mwangu. "Shikamoo mama mdogo. Hivi kopa ikiungana na oksijeni inaitwaje?"

"Kopa oksaidi," nikajibu upesi.

Binti yangu akaziba sikio la upande wangu. "Subiri kidogo, mama. Simsikii."