Jambazi Aliyepewa Ukoo

Jumanne nilikuwa kwenye duka la filamu hapa Isiolo mjini. Mzee mmoja mfugaji wa kijiji cha Biliqo akaingia, akaweka flashi kwenye kaunta.

"Salaam aleikum. Nipe sehemu ya pili ya ile ya jambazi. Miaka sita nauliza."

"Bado, mzee," akasema muuzaji. "Waandishi watatu hawajakubaliana nani afe."

"Watatu tu? Sisi tulikaa kisimani tukaimaliza hadithi wenyewe, ngamia wakinywa."

Muuzaji akazima redio. "Enhe! Nani alikufa?"

Mzee akairudisha flashi mfukoni polepole. "Jambazi. Lakini tulikuwa tumempa ukoo wa upande wa mama, na sasa watu wa ukoo huo wamekataa auawe. Wanataka kikao kingine."

Sasa sishangai filamu hizi zikichelewa. Kila jambazi ana wajomba.