Daraja Lililoliwa Miguu

Nilirudi nyumbani, upande wa Githongo, baada ya miaka mingi katika nchi za Ghuba, na sitajifanya mnyenyekevu: nilirudi mtu kamili. Niliondoka nikiwa mbeba zege, nikarudi na diploma ya ujenzi niliyoisomea jioni baada ya kazi, bila mjomba wa kunishika mkono. Kuna barabara za juu kule ambazo magari hupita kutwa nzima juu ya jasho langu. Sina digrii, wala sijawahi kuihitaji.

Asubuhi ya kwanza nilimsindikiza mama. Kila siku huvuka daraja la waendao kwa miguu chini ya mashamba ya kahawa, akimpelekea dada yake uji. Mama mkubwa yuko kitandani tangu apatwe na kiharusi, na hataki kulishwa na mkono mwingine. Mama akavuka na chupa yake ya uji. Mimi nikashuka mtoni kutazama daraja linasimama juu ya nini. Ni mazoea ya kazi.

Juu lilipendeza. Kila baada ya mvua, kamati ya daraja huongeza saruji palipopasuka, tabaka juu ya tabaka, kama mgonjwa wa miguu anayevikwa koti juu ya koti. Lakini nyufa zilitoka chini. Maji yakigonga ukuta wa daraja huzunguka, na yakizunguka huchimba. Chini ya msingi wa upande wetu udongo ulikuwa umekwisha. Niliingiza mkono mpaka begani bila kugusa kitu. Daraja limeliwa miguu, na watu wanaliongezea uzito!

Mama aliporudi nilimpungia mkono asivuke. Akavuka.

"Kesho hupiti hapa," nikamwambia.

Nina jina la baba yake, kama ilivyo desturi yetu, na tangu nizaliwe huniita baba. Akacheka. "Baba alinikataza mengi, na yote nikayafanya. Dada yangu atakula nini?"

"Nitampelekea mimi."

"Atafunga mdomo."

Nikaziba daraja kwa matawi ya mibuni. Kufikia saa nne mwenyekiti wa kamati alikuwa amefika, bakora mkononi, na wenye magunia ya kahawa nyuma yake.

"Nani amefunga njia?"

"Mimi, mzee. Nina diploma ya ujenzi."

"Diploma! Mwenye digrii angesemaje?"

"Angesema haya haya, lakini kwa Kiingereza."

Watu wakacheka, naye akacheka kidogo. Nikamshika mkono tukashuka mtoni, nikamwomba asukume bakora chini ya msingi. Ikaingia mpaka kishikio. Akaitoa taratibu, akatazama wake kwa waume waliosimama juu, kisha akasema, "Hakuna wa kuvuka. Leteni mawe."

Siku zote za matengenezo nilizunguka kwa barabara ya magari na ile chupa ya uji. Kweli, mama mkubwa alifunga mdomo. Basi nikaanza kumsimulia jinsi nilivyokuwa fundi wa kutegemewa Ghuba, mpaka akashindwa kuvumilia majivuno yangu. Alipofungua mdomo kunicheka, nikatia kijiko.

Huku mtoni tulibomoa tabaka zile za saruji, tukajaza zege lile pango la chini ya msingi, tukapanga mbele yake vikapu vya waya vilivyojaa mawe ili maji yachoke kabla ya kufika. Nikawafundisha wanakamati jambo moja: baada ya kila mvua kubwa, shukeni chini kwanza, mtazame miguu, ndipo mpande juu.

Mvua ikaja. Mto ukapanda ukiwa mwekundu, ukashuka, na hakuna kilichotokea. Hakuna aliyenipongeza pia. Daraja likianguka watu huja kutoka mjini Nkubu kulitazama. Lisipoanguka hupitwa tu. Mtu kama mimi jambo hilo humuuma, lakini nilishuka, nikapima, nikaondoa yale matawi.

Nikataka kumshika mama mkono. Akanisukuma.

"Limepona au hujui?"

"Limepona."

"Basi niache, baba."

Akaenda peke yake. Katikati akasimama, akakumbatia chupa kifuani, akakanyaga daraja kwa nguvu kwa mguu wa kulia, mara mbili. Nimesimamia majaribio ya madaraja kwa malori yaliyojaa mchanga, lakini sijawahi kuzuia pumzi namna ile. Akanigeukia, akatikisa kichwa kukubali, akaendelea na safari kwa dada yake.