Nusu Niliyomficha Minza

Nakumbuka asubuhi moja ya masika, mwanangu, ambayo ningeweza ningeisahau. Nilikuwa mhudumu wa wodi katika hospitali moja upande huu wa Ifakara, msichana wa miaka ishirini na mitatu, mwenye kujiona. Mimi ni Mpogoro, lakini nilikulia Idete jirani na wafugaji wa Kisukuma, nikaiokota lugha yao kwa kucheza na watoto wao. Kwa hiyo akilazwa Msukuma asiyejua Kiswahili, daktari aliniita nifasiri.

Siku hiyo alikuwapo Minza, mke wa mfugaji, mama wa binti mmoja tu. Damu ilimtoka miezi mingi kwa sababu ya uvimbe kwenye kizazi. Daktari aliketi karibu naye akasema taratibu, "Mwambie uvimbe ni mkubwa. Nikimpasua hapa nitatoa na kizazi, hatazaa tena. Hospitali kubwa wanaweza kujaribu kuutoa uvimbe peke yake, ila nako kuna hatari yake. Ashauriane na wenzake, halafu atujibu."

Nilijua nikitaja kizazi atalia, ataita ndugu, na maelezo hayataisha. Mashuka ya wodi nzima yalikuwa yananisubiri. Na enzi hizo nilipenda kusema, tena kwa kicheko, asiyejua maana haambiwi maana. Nikamwambia kwa Kisukuma, "Watakutoa uvimbe, utapona. Weka dole gumba hapa."

"Ni hayo tu? Mbona yeye amesema mengi?"

"Ni hayo tu."

Daktari akauliza kama hataki kwanza kuongea na mumewe. Nikasema amekubali, hana haja. Kisha nikalishika gumba lake mimi mwenyewe, nikalikandamiza kwenye wino, kisha kwenye karatasi ya kukubali kupasuliwa.

Minza alipasuliwa, akapona. Siku ya kuruhusiwa daktari aliniagiza nimweleze tena habari ya kizazi. Nilifumba tena kinywa, maana uongo ukishaanza huomba wenzake.

Masika yaliyofuata alirudi, amenibebea mchele. "Mwangaluka," akanisalimu, kisha akaomba dawa ya kushika mimba. Alikuwa ameshakunywa mizizi ya waganga watatu, amekonda. Tuliketi kwenye benchi nje ya wodi, nikamwambia kweli yote.

Hakupiga kelele. "Ungeniambia ningelia," alisema. "Kisha ningefuta machozi nikachagua. Pengine ningechagua hivyo hivyo. Lakini ningekuwa mimi niliyechagua."

Nilikwenda kukiri kwa daktari. Aliinamisha kichwa, akasema na yeye amekosa, kwani hakumwomba Minza aeleze kwa maneno yake mwenyewe alichoelewa. Hakuniita tena kufasiri. Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Mume wa Minza alioa mwingine akahamia na ng'ombe pande za Chita, Minza akabaki na binti yake. Hata leo tukikutana sokoni namsalimu kwa Kisukuma, naye hunijibu kwa Kiswahili alichojifunza kwa taabu. Hunijibu vizuri. Ni salamu tu, basi.

Mwanangu, wewe sasa unakwenda kuvaa sare ya uuguzi, na mikono yako itashika karatasi nyingi za kuwekwa sahihi. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Usimpunguzie mgonjwa neno kwa kuogopa machozi yake, wala kwa sababu una haraka. Mweleze faida, mweleze hatari, mweleze kama iko njia nyingine, kisha mwache akurudishie kwa maneno yake. Akikosea, anza upya. Akikataa, usimnunie, mwili ni wake. Na siku utakapolala wewe kitandani, uliza hadi uelewe, maana kuuliza si ujinga.

Mungu akupe ulimi usiopunguza na sikio linalosubiri. Akulinde na majuto kama yangu, mwanangu, na kila atakayepita mikononi mwako aondoke akijua alilotendewa.