Sisimizi wa Perpetua Waliowashwa Kiberiti

Mpaka leo nikipita stesheni ya Mpanda nainamisha kichwa, na wanaonijua wakiniona hivyo wanacheka, basi wacha wacheke. Niliaibika pale mchana kweupe, mbele ya abiria na watu wa kanisani kwangu, na aibu yenyewe ndiyo ilikuwa sehemu nyepesi.

Ilikuwa miaka ya tisini, kabla ya mambo ya bodaboda. Kulikuwa na dada mmoja anaitwa Perpetua, Mfipa wa Sumbawanga, anasoma chuo kikuu Dar, akaja kwetu kutafuta sisimizi (ndiyo, sisimizi, hata mimi nilicheka kama nyie). Akanichukua kumbebea jembe na chekeche. Tulikuwa tunakwenda kwenye kimsitu cha bondeni nje ya mji, tunachekecha majani yaliyooza, yeye anachuchumaa juu ya kitambaa cheupe tangu asubuhi mpaka mgongo unamkatika, na chini ya gogo moja la mninga akampata mdudu asiyemjua. Mdogo, jamani, punje ya sukari ni kubwa kwake. Rangi ya njano iliyofifia. Kwa jicho tupu unaona vumbi linatembea, lakini akikupa ile lenzi yake unaona kichwa kina umbo la moyo, taya nyembamba ndefu zimeachama kama mtego wa panya, na usoni vinywele vilivyopanuka mwishoni kama vijiko. Hivyo vijiko ndivyo vilivyomkosesha usingizi. Alisema wote wa jamii ile wanaojulikana hawana vijiko vya namna ile, halafu akaniambia kwa sauti ya chini, “Kaka Yohana, huyu hajaandikwa na mtu yeyote.”

Kuandikwa maana yake apimwe, achorwe, meno ya taya yahesabiwe, apewe jina, na mdudu mwenyewe awekwe mahali ambapo mtu mwingine anaweza kwenda kumtazama. Bila mdudu mwenyewe, michoro ni hadithi tu. Tulichekecha bonde zima, kwingine hawakuwepo, walikuwa chini ya lile gogo basi. Wote tuliowapata akawatia kwenye kichupa kimoja cha dawa, ndani ya spiriti, na masomo yake yote yakawa yamo mle.

Halafu malaria ikamlaza. Akawekewa dripu ya kwinini, masikio yanamvuma, hasikii vizuri, na mwalimu wake yuko Dar anasubiri wale wadudu awakague kabla hajasafiri nje ya nchi. Ikabidi niwapeleke mimi kwa treni mpaka Tabora, mwenzake wa chuo awapokee pale. Akanikabidhi kichupa, akasisitiza jambo moja tu, wasikauke, maana wakikauka wanakuwa unga.

Sasa sikilizeni ujinga ulivyoanza. Siku ya safari natazama kichupa, mfuniko wa mpira umepasuka, spiriti imeruka, imebaki ya kulowanisha chini tu. Nikakimbilia hospitali alikolazwa, muuguzi wa mlangoni akasema spiriti imeisha mpaka zije dawa nyingine. Kuingia wodini kumweleza mgonjwa nikaona nitamuua (mngekwenda nyie? Haya). Muda wa treni unakaribia, na nyuma ya soko kuna mama anapika gongo, ile pombe kali iliyokatazwa na serikali, na mimi mlokole, besi wa kwaya, kitu hicho hakijawahi kugusa ulimi wangu, nikajiambia kali ni kali tu, gongo na spiriti ni ndugu. Nikaingia uani kwa yule mama huku nimeinama, akanimiminia huku mimi natazama mlangoni nisionekane, nusu ikaingia kichupani na nusu ikanilowesha shati.

Basi nafika stesheni nanuka kama pipa la pombe. Mgambo mmoja akanisimamisha kabla sijapanda behewa, akanipekua, akakitoa kichupa. Ningesema ukweli hapo labda ingeishia kwenye kicheko. Nikasema ni spiriti ya hospitali. Akafungua, akanusa, akanitazama usoni. Watu wakaanza kusogea, na kati yao si nikamwona Mama Neema, kiongozi wa kwaya yetu, alikuwa anamsindikiza dada yake.

“Yohana mwanangu,” akasema, “hao wadudu humo ndani ni wa nini?”

Mimi nikaona hapo ndipo pa kujiokoa, nikaanza kueleza kichwa, taya, vijiko, kwamba wanapatikana chini ya gogo moja tu, kwamba Tabora kuna mtu anawasubiri, na kadiri nilivyoeleza ndivyo watu walivyorudi nyuma, na mimi sioni. Huku kwetu mtu akikutwa na wadudu wa porini ndani ya gongo, anawapeleka kwa mtu wa mbali, hakuna anayemuuliza habari za masomo. Mzee mmoja akaniuliza polepole ni nani ninayetaka kumroga. Mama Neema akakivuta kitenge chake mabegani, akaenda kusimama upande wa pili. Wengine wakasema nipigwe.

Mgambo, nadhani naye ameshaanza kuogopa, akasema uchawi haujui yeye, anajua gongo, na gongo inajulikana kwa moto. Ndivyo wanywaji wanavyoipima, unamimina kidogo, unawasha kiberiti, ikishika ni yenyewe. Nikamng'ang'ania mkono, nikamwambia kwa jina la Yesu chukua tone tu, wadudu niachie. Akamimina chote kwenye sementi.

Jua lilikuwa kali, na moto wa gongo mchana hauonekani. Niliona hewa ikicheza juu ya sementi na wale sisimizi wakijikunja, wakawa weusi, upepo ukawachukua. “Umeona?” mgambo akasema. “Gongo.” Na hapo, nimeshikwa ukosi wa shati, ndipo nilipokumbuka kwamba hata spiriti ya hospitali ingewaka vilevile.

Treni ikaondoka. Nilikaa chumba cha mgambo mpaka jioni, na nilipofika wodini habari zilikuwa zimeshanitangulia. Perpetua alikuwa amekaa kitandani na dripu yake. Niliongea sana, sikumbuki nini. Yeye aliuliza tu, “Hakubaki hata mmoja?” Nikamwambia hakubaki. Akajilaza akageukia ukutani.

Alipopata nguvu tukarudi bondeni. Watu walikuwa wameshafyeka na kuchoma, wanaandaa shamba la mahindi (siwalaumu, watu wanakula), na penye gogo palikuwa na majivu. Alipiga magoti akayachekecha hayo majivu, machozi yanamtoka, mpaka kitambaa kikawa cheusi, mimi nimesimama pale sijui mikono niiweke wapi. Michoro mwalimu aliikataa. Alimaliza masomo yake kwa kusoma mbu, na sijamwona tena.

Kwaya ilinisimamisha, nikasamehewa, yakaisha. Mimi nikaapa kwamba kitu cha mtu kikiharibikia mikononi mwangu nakirudisha hivyo hivyo, mwenyewe yuko mahututi au hayuko, anitukane tu, siongezi cha kwangu ndani yake. Uso wa yule mdudu naujua mpaka leo, ningeweza kumweleza mtu yeyote vizuri kabisa, ila nikianza tu watu wananiuliza kama bado nakunywa.