Mpini Uliofika Kasulu Kabla ya Jembe

Ulikuwa mwaka ule mvua ilipoozesha maharage shambani, tukala ugali wa muhogo kwa dagaa mpaka watoto wakaanza kugeuza uso wakiona sufuria. Mwaka huo mjukuu wangu Yustina, aliyemaliza chuo na kupata kazi ya majaribio katika karakana moja Kasulu, alinipigia simu. "Bibi, tunatengeneza jembe kwa kompyuta, tunalichapa. Njoo ulipokee."

Kwetu jembe jipya hupokelewa na mkubwa wa nyumba. Analishika, analigonga kwa jiwe asikie linavyolia, ndipo linatiwa mpini. Mkubwa ni mimi. Nikachonga mpini, nikausugua kwa kipande cha chupa mpaka ukateleza, nikaondoka.

Kibondo, alfajiri. Kondakta alitaka mpini ukae kwenye buti na magunia. Nikamwambia akakae yeye. Nikaupakata.

Kituo cha Makere alipanda mama mmoja Mkongo, muuza vitenge, akaupima mpini kwa macho. "Mama, ule muti ni ya kupiga bwana?"

"Bwana alishakufa. Nauvalisha jembe la mjukuu."

"Kasulu wanafua majembe?"

"Wanayachapa, kama gazeti."

Akacheka mpaka vitenge vikamdondoka.

Kasulu, mchana. Bodaboda ikanishusha karakana. Nikatafuta moto, hakuna. Nyundo, hakuna. Palikuwa na meza, kompyuta, na Yustina ndani ya koti jeupe, kapendeza kweli. Kwenye kioo cha kompyuta jembe lilikuwa linaota lenyewe, utando juu ya utando, rangi zake kama kanga ya sikukuu. Kisha pembe moja ikanyanyuka.

"Limepinda," nikasema.

"Ndiyo, Bibi. Unga wa chuma ukiyeyushwa kwa leza halafu ukapoa, unajivuta. Hapa kompyuta inaigiza tu, tujue litapindia wapi kabla hatujaharibu chuma."

"Na mashine ya kulichapa?"

"Bado haijanunuliwa."

"Kwa hiyo mmelipinda hata halijazaliwa."

Mkuu wake, kijana wa viatu vyenye ncha, akaja ameinua simu ya kupiga video. Wafadhili, akasema, wanataka kumwona mkulima akipokea jembe. Wakimwona, watanunua mashine na Yustina ataajiriwa. Wasipomwona, kazi yake inaishia hapo. "Simama hapa, Bibi, shika mpini, useme: nimepokea jembe, ni zuri."

Yustina alikuwa anatazama sakafu. Kazi ya mtoto ilikuwa mdomoni mwangu.

"Sipokei jembe nisilolishika."

"Ni kuigiza tu, Bibi."

"Iigize kompyuta, ndiyo kazi yake. Mimi nitasema nimemwona mjukuu wangu akijua chuma kitapindia wapi. Hilo nimeliona."

Hilo hakulitaka. Akazima simu.

Stendi, jioni. Yustina alinibebea mpini, akasema, "Hata mimi nilimwambia tuwaeleze ni maigizo."

"Akasemaje?"

"Eti wafadhili hawanunui maigizo."

"Basi tumefukuzwa wote wawili. Kula ndizi."

Nimerudi Kibondo na jambo moja: ile kompyuta ina adabu kuliko mkuu wake. Jembe likipinda, inasema limepinda.

Mpini nimeuning'iniza jikoni. Jana simu ililia. Ni yule mkuu, sauti imejaa asali. Wafadhili wanakuja wenyewe, niseme neno moja tu, "nimepokea", Yustina arudi kazini.

"Sipokei jembe nisilolishika."