Neno la Siri la Kanga ya Sare

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na zamani hakuna kilichonipandisha mori kama kuulizwa, "Kwa nini msitumie WhatsApp tu?" Tulikuwa wawili katika chumba cha kupanga hapa Tanga mjini, mimi na mwenzangu, Mshambaa aliyeteremka na sweta lake kutoka milimani na halivui hata jua likiwa la utosi. Yeye alitunza mashine, mimi nilitunza watu. Tuliendesha tovuti ya siri. Kinamama wa vijiji vya pwani, kuanzia Tongoni hadi Pangani, walituandikia boti gani inavua samaki kwa kupiga baruti, na kwenye mwamba upi, nasi tukazifikisha habari kwa wahusika.

Wapiga baruti si majini. Ni waume, makaka na wakwe. Mwanamke akijulikana kuwa ndiye aliyesema, kijijini hapo hana tena pa kukaa. Ndiyo maana ahadi yetu ilikuwa moja, nami niliirudia katika kila kijiji mpaka sauti ikakauka: hatutaki kuwajua, na hata tukitaka hatutaweza.

Mwenzangu aliijenga tovuti ili ahadi hiyo isiwe maneno matupu. Haikuandika popote mtu alikotokea. Barua zilijifuta zenyewe baada ya siku saba. Ilifunguka kwa kivinjari maalumu tu, na anwani yake ilikuwa msururu wa herufi na tarakimu zaidi ya hamsini usio na maana yoyote. Hapo ndipo alipokosa raha. "Hakuna atakayeusoma wote," alisema. "Watatazama herufi tano za mwanzo, basi. Mtu akitengeneza anwani inayoanza vilevile, ataweka mlango unaofanana na wetu, na kinamama watamwachia maneno yao ya siri wenyewe. Mgeni tunamtambua kwa neno lake. Yeye atatutambuaje sisi?"

Jibu lilikuwa langu, na nilivimba kichwa wiki nzima. Kila mwanamke wa pwani anajua majina ya kanga zake, yale maneno yaliyochapwa chini. Basi anapojiandikisha, tovuti impe namba isiyo na jina, naye achague jina la kanga. Siku nyingine akiandika namba yake, tovuti imwonyeshe kwanza kanga yake, ndipo aweke neno la siri. Asipoiona, akimbie. Kinamama walicheka, wakashika mara moja. Mwenzangu naye akakubali, ingawa aliuliza, "Watachagua tofauti tofauti lakini?" Nikamjibu kwamba yeye ni mtu wa sweta, mambo ya kanga aniachie.

Huko Tongoni niliwafundisha wiki ileile iliyokuwa na harusi. Mama yangu mdogo, mdogo wake mama, ni mkaanga samaki wa hapo, na uani kwake ndiko nilikokutana nao. Kijiji kizima kilikuwa kimeshanunua sare, kanga moja kwa wanawake wote: "Hayawi hayawi sasa yamekuwa." Mimi mwenyewe ninayo. Nikawaambia wachague kanga iliyo moyoni. Wiki ile moyoni mwao kulikuwa na kanga ipi nyingine? Sikulifikiri hilo hata kidogo.

Miezi ikapita, kazi ikaenda. Halafu transfoma ya mtaa wetu ikaungua. Betri zilishika saa chache, tovuti ikazimika siku tatu. Mwenzangu alikuwa amenisumbua muda mrefu tuweke mashine ya pili kwa ndugu zake milimani, nami nikawa namjibu "mwezi ujao." Wakati tumezima, ujumbe ukazunguka kwenye simu za kinamama: tovuti yetu inaumwa, kwa sasa tumieni anwani hii. Herufi tano za mwanzo zilikuwa zetu.

Umeme uliporudi, barua ya kwanza niliyoifungua ilitoka kwa mwanamke wa Pangani. Aliandika: "Mbona juzi mmenionyesha kanga ya mwenzangu? Nimewakimbia."

Mwenzangu aliifungua ile tovuti ya bandia. Ilifanana na yetu hata rangi. Akajaribu namba moja, akajaribu nyingine, akabuni ya tatu. Kila namba ilionyeshwa kanga ileile: Hayawi hayawi sasa yamekuwa. Aliyeitengeneza hakuhitaji kuvunja kufuli lolote. Habari ya kanga haikukosa kumfikia; ilimtosha kupita Tongoni mchana na kutazama kamba za kuanikia nguo. Wenye kanga nyingine walishtuka. Wenye sare walijiona wako nyumbani.

Mwenzangu hakunilaumu, na hilo liliniuma kuliko kama angenitukana.

Mchana uleule ikaingia barua nyingine. Kulikuwa na mwandishi wetu mmoja ambaye kila barua aliianza kwa bismillahi, kisha akatujulia hali, akatuombea dua, ndipo akasema lake. Sasa namba yake ilituandikia mstari mmoja mkavu: "Nani mwingine anawaandikia kutoka kijijini kwetu?" Tuliifunga namba ile papo hapo, lakini tulikuwa tumechelewa. Barua yake ya siku nne nyuma ilikuwa bado haijajifuta, na aliyeiba neno lake alikwisha kuisoma. Ilisema, "Hii niliyoiona leo, wanangu, ni boti ya mkwe wangu."

Kichwa changu kikaanza kufanya hesabu bila ruhusa yangu. Mwenye sare. Wa Tongoni. Mkwe mwenye boti. Nikainuka nikaenda kuosha vikombe visivyokuwa vichafu. Nikimtafuta ni nani, nitakuwa nimevunja ahadi. Nikikaa kimya, watamtafuta wao.

Kesho yake nilikwenda Tongoni. Kinamama wapatao ishirini walikaa uani kwa mama mdogo. Nikamwamkia, "Shikamoo mama mdogo," akaitika "Marahaba mwanangu," akaendelea kupaa samaki. Nikawaeleza wote kwa pamoja, macho yangu nimeyatupa ukutani: tumeigizwa, kosa la kanga ni langu, badilisheni kila kitu. "Na aliyeandika wiki hii habari za mtu wa nyumbani kwake, aondoke kidogo, akatembee kwa ndugu. Simjui, na sitaki aniambie."

Kisu cha mama mdogo hakikusimama.

Siku mbili baadaye alibisha hodi kwangu, ana mkoba na kikapu cha samaki wakavu. "Nimekuja kukutazama. Miguu nayo inanisumbua, huenda nikaenda hospitali." Hospitali hakwenda. Binti yake, dada yangu mdogo kwa ukoo, alikuwa na mimba ya miezi minane, na mume wa binti huyo ndiye mwenye boti. Sikuuliza. Nilimtandikia kitanda tu.

Mtoto akazaliwa, wa kiume. Mama mdogo aliletewa habari na jirani, si na bintiye. Akanunua vitambaa, akashona vijikofia viwili, akaviweka juu ya kabati. Siku chache kabla ya arobaini simu yake ikalia. Alisikiliza kwa muda mrefu, akawa anasema "naam" tu. Alipomaliza aliiweka simu kifudifudi mezani.

"Mwanangu kasema nisije. Ati mumewe kaapa, nikitia mguu pale atamrudisha kwao na mtoto. Ati nimemchomea utambi."

Siku ya arobaini yenyewe alishinda jikoni kwangu akichambua mchele, punje kwa punje, mchele ambao haukuwa na hata kijiwe kimoja. Nilimtazama nikaona haya kama sijapata kuona maishani. Mashine ya pili sasa iko milimani, na neno la kututambulisha kwa kila mama tunalipanga wenyewe, yeye halichagui tena. Hayo yote tuliyafanya vizuri sana, maji yakiwa yameshamwagika. Nikaketi chini kando ya ungo.

"Mama mdogo," nikasema, "nisamehe."

Hakuinua uso. "Nikusamehe nini, mwanangu? Kwani mimi nimekwambia kitu?"

Akautikisa ungo, akaanza kuuchambua mchele upya.